UZI: Tulivyomtafuta twiga wa Malindi mjini Nanjing, China. Siku moja, watu wanne, miguu ikawaka moto

Nahodha wa Ngalawa (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye ule uzi wa maisha ya wanafunzi China niliahidi kwamba siku moja nitaandika kuhusu matembezi badala ya kulalamikia chakula cha kantini. Siku imefika. Kaeni mkao wa kula.

Nimekulia Kunduchi, Dar. Wa pale wanayajua magofu: msikiti uliobomoka, makaburi ya nguzo, mibuyu. Kwenye zile nguzo kuna vishimo vya duara. Tukiwa watoto tuliambiwa palikuwa na bakuli za Kichina zikabanduliwa. Sikuwahi kujiuliza bakuli ilitokaje China mpaka ikafika kwenye kaburi la mtu wa Kunduchi. Mimi nilikuwa najiuliza mpira umeangukia wapi.

Sasa niko Nanjing, mwaka wa pili. Siku hiyo tulikuwa wanne. Mimi. Jamaa wa Mambrui, kule juu kidogo ya Malindi, Kenya. Dada mmoja wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye Kiswahili chake kina Kirundi na Kifaransa ndani, ila akikasirika kinanyooka kama rula. Na mwanafunzi mwenzetu wa Kichina, mzaliwa wa hapa hapa, tunayemwita Shemeji kwa sababu ambazo si za uzi huu.

Chanzo ni yule wa Mambrui. Kila tukikaa anatukumbusha kwamba mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga. Ni kweli, imo kwenye kumbukumbu zao. Mwaka uliotangulia, 1414, twiga mwingine alikuwa ameshafika kutoka Bengali, na huyo naye asili yake ni Afrika, maana Bengali haina twiga. Wachina walipomwona wakasema huyu ni qilin. Qilin ni mnyama wa hadithi, mwili wa kulungu, ana magamba, na huwa haonekani ovyo. Anatokea pale tu nchi inapokuwa na mtawala mwema.

Mtawala wenyewe alikuwa Yongle, ambaye mwaka 1402 alimpindua mtoto wa kaka yake na kukaa kwenye kiti. Mtu wa namna hiyo akiletewa mnyama anayetoa ushahidi kwamba yeye ni mwema, mnadhani atabisha?

Basi tukaamua tumtafute qilin. Nanjing ndiyo ilikuwa makao makuu ya Ming, nasaba ya kina Yongle, tangu 1368, kabla ya kuhamia Beijing mwaka 1421, kwa hiyo kama ana alama yoyote, tulijua itakuwa hapa.

Saa mbili asubuhi tukapanda treni ya chini ya ardhi kwenda upande wa mashariki, mlima Zijin, ambako amezikwa baba yake Yongle, Zhu Yuanzhang. Eneo linaitwa Ming Xiaoling. Huyu mzee historia yake ni kali. Kazaliwa 1328 familia ya wakulima fukara, njaa na maradhi vikamaliza wazazi, akaingia kwenye hekalu la watawa, akawa anatembeza bakuli la kuomba. Miaka 40 baada ya kuzaliwa ni mfalme, mwanzilishi wa nasaba. Kaburi lilianza kujengwa 1381, mkewe akatangulia humo 1382, yeye akafuata 1398.

Tukashuka, tukatembea, tukakuta tuko mlango usio wetu. Eneo ni kubwa na milango ni mingi. Dada wa Buyenzi alikuwa amevaa viatu vya kupigia picha, si vya kutembelea. Hapo Kiswahili kikaanza kunyooka.

Tiketi yuan 70, takriban elfu 25 za kwetu, ila kadi ya mwanafunzi ikatupunguzia nusu. Beba pasipoti, wakuu. Bila pasipoti utaangalia ukuta kwa nje.

Kisha tukafika njia ya wanyama wa mawe. Vuli ilikuwa inaisha, majani ya njano na mekundu yamefunika njia, mabinti wamevaa mavazi ya kale wanapiga picha, kila mmoja ana mpiga picha wake. Wanyama wako 24, aina sita: simba, xiezhi (mnyama mwingine wa hadithi), ngamia, tembo, qilin na farasi. Kila aina jozi mbili, jozi moja imesimama, nyingine imekaa au imepiga magoti.

Shemeji akanyoosha kidole: qilin huyo.

Jamaa wa Mambrui akamzunguka mara mbili. Akamtazama usoni, akamtazama nyuma. Akasema, "Huyu si twiga. Huyu ni simba aliyeazima magamba ya changu."

Na ni kweli. Shingo fupi, kifua kipana, magamba mwili mzima. Ndipo tukapiga hesabu pale pale tumekaa kwenye ukingo wa njia. Jiwe la sifa za marehemu, lile lililobebwa na kobe wa mawe mwanzoni mwa njia, Yongle alilisimamisha 1413, eneo limeshakamilika. Twiga wa kwanza kafika 1414. Waliomchonga huyu qilin hawakuwahi kuona twiga maishani mwao. Tulichelewa mwaka mmoja, au wao waliwahi mwaka mmoja.

Nakula kwanza, nitaendelea.

Pweza Mkavu

Unakula saa hizi wakati umetuacha na simba mwenye magamba? Nimeweka kambi hapa.

Mchuma Ndago

Mkuu picha. Uzi bila picha ni mahubiri.

Mwanapwani wa Zamani

Nikisoma haya ya qilin nakumbuka Wajapani mpaka leo twiga wanamwita kirin. Na Kisomali twiga ni geri. Wapo wanaosema mabaharia walisikia jina hilo masikioni likafanana na la mnyama wao.

Nahodha wa Ngalawa

Mwanapwani, umegusa penyewe. Ila nilipomuuliza Shemeji leo twiga kwa Kichina ni nani, akasema changjinglu, yaani kulungu mwenye shingo ndefu. Uungu wote ulishavuliwa, imebaki shingo.

Mchuma Ndago, picha zipo kwenye simu ya dada wa Buyenzi. Anachagua zile alizopendeza yeye. Vumilia.

Tuendelee. Ile njia haijanyooka, inapinda kama mkono wa jembe. Kwa kawaida njia ya kaburi la mfalme inakwenda sawa. Hapa inazunguka kilima ambacho chini yake amezikwa mfalme mwingine wa zamani sana, Sun Quan wa Wu, aliyefariki mwaka 252. Wenyeji wanasimulia kwamba maofisa walitaka kulihamisha kaburi lake, Zhu Yuanzhang akakataa, akasema mwacheni, naye alikuwa mwanamume, atanilindia mlango. Hadithi tu, lakini nimeipenda. Mtu umekufa miaka zaidi ya elfu moja bado unapangiwa zamu ya ulinzi.

Karibu na lango kuna kitu kimenichekesha. Jiwe la mwaka 1909 la kuwaonya wageni wasiharibu mali, limeandikwa kwa lugha sita: Kijapani, Kijerumani, Kiitaliano, Kiingereza, Kifaransa na Kirusi. Kiswahili hakimo, kwa hiyo sisi hatukuonywa. Hatukugusa kitu lakini, tuna adabu.

Mwisho wa yote unapanda kwa njia ya chini kwa chini, kama pango, unatokea nyuma kwenye ukuta wa mawe wenye herufi saba. Shemeji akasoma: mlima huu ni kaburi la Ming Taizu, yaani huyo huyo Zhu Yuanzhang. Basi. Hakuna jeneza, hakuna chumba. Ni kilima chenye miti, na mfalme yuko humo ndani mahali fulani, hakijawahi kufukuliwa. Dada wa Buyenzi alikuwa amepanda ngazi zote zile na viatu vyake mkononi. Akatazama kilima, akatutazama sisi, akasema, "Ni hiki?"

Mchana tukarudi mjini mtaa wa Sanshan kuswali na kula. Pale kuna msikiti wa Jingjue. Ulianzishwa enzi za huyo huyo Zhu Yuanzhang, na mwaka 1430 jemadari wa merikebu, Zheng He, aliomba ruhusa ya kuujenga upya. Nje ukiutazama, kama hujui, utapita. Mapaa ni ya Kichina, ua ni wa Kichina, kisha macho yanakutana na herufi za Kiarabu. Mimi ni Mkristo, nikakaa uani kuwasubiri wenzangu. Mzee mmoja wa Kichina mwenye kofia nyeupe akapita akanipa "salamu alaikumu", nikaitikia vizuri tu. Mtu wa pwani haitaji kufundishwa hiyo.

Chakula: tambi za nyama kwenye duka la halali. Nanjing inajulikana kwa bata wa chumvi, na mchuzi wa damu ya bata wenye tambi. Shemeji anaapa kwamba hakuna kama huo. Sina ushahidi wala siutafuti.

Mchana ule ndipo simu yangu ikaisha chaji. Huku bila simu hulipi, hupandi treni, hujulikani. Nikataka kukodi pawabenki dukani, na ili kuikodi unatakiwa uskani kwa simu. Ambayo imezima. Shemeji akaniokoa, na mpaka leo ananikumbusha.

Kisha Zhonghuamen, na hapa ndipo nataka mtulie.

Ni lango la kusini la ukuta wa mji, ule aliojenga Zhu Yuanzhang. Ukuta mzima ulikuwa zaidi ya kilomita 35, zilizobaki ni kama 25. Lango lenyewe si mlango mmoja. Ni milango minne inayofuatana, katikati yake nyua tatu zimezungukwa na kuta. Wavuvi wenzangu, mnalijua dema? Samaki anaingia kwa raha zake, kutoka hajui. Adui anavunja mlango wa kwanza, anaingia uani akishangilia, milango mizito inaangushwa kutoka juu mbele yake na nyuma yake. Walio juu ya ukuta wanamalizia. Na kuna mahandaki 27 ndani ya kuta, inasemekana yaliweza kuficha askari 3,000. Tuliingia kwenye moja, ni baridi kama friji.

Lakini si dema lililotusimamisha, ni matofali. Tofali moja ni kama sentimita 40 kwa 20 kwa 10, zito, na mengi yana maandishi ubavuni. Nilidhani ni watalii wamechora majina yao, kama pale kwetu "Juma alifika hapa". Shemeji akainama akaanza kusoma. Jina la wilaya lilikotoka tofali. Jina la ofisa wa wilaya. Jina la msimamizi wa kundi. Jina la fundi wa tanuri. Jina la aliyelifyatua. Tofali likija bovu, mlolongo mzima unajulikana, kuanzia bwana mkubwa mpaka yule mwenye udongo kwenye kucha.

Tulikaa pale saa nzima. Kila mmoja ana tofali lake anamwita Shemeji aje amsomee. Langu lilikuwa limelika, jina la mwisho kabisa limebaki herufi moja. Mtu alifyatua udongo kijijini miaka zaidi ya 600 iliyopita, akaandikwa ili akikosea apatikane, na mimi wa Kunduchi nimesimama namsoma nusu.

Jamaa wa Mambrui alikuwa kimya muda mrefu, na kwake hiyo ni dalili ya ugonjwa. Mwishowe akasema, "Yule alompeleka twiga hana hata tofali."

Jicho la Kusi

Hii chai mkuu. Eti kila tofali lina jina la mfyatuaji? Miaka ya 1300? Hata sasa hivi nikinunua matofali sijui kayafyatua nani.

Nahodha wa Ngalawa

Sijasema kila tofali. Nimesema mengi. Mengine yana jina la wilaya tu, mengine hayana kitu. Na hawakuandika kwa upendo, ni udhibiti. Zhu Yuanzhang alikuwa haamini mtu. Matofali yalikusanywa kutoka wilaya nyingi kando ya mto Yangtze na mbali zaidi, angejuaje nani kamletea bovu? Chokaa yao nayo ilikuwa inachanganywa na uji wa mchele unaonata. Sisi tulichoma matumbawe, wao walipika uji, kuta zote mbili zimesimama.

Pweza Mkavu

Hilo la twiga kutokuwa na tofali limenichoma. Ina maana hakuna kabisa jina la mtu wa Malindi aliyekwenda naye?

Nahodha wa Ngalawa

Sijawahi kukutana nalo. Kuna mchoro maarufu wa yule twiga wa 1414, wenye shairi la sifa la Shen Du, mwandishi wa ikulu. Twiga amesimama, shingo juu, ana kamba. Aliyeshika kamba ni mtu mwenye kilemba, amemwinulia uso. Shairi lote linamsifu mfalme na mnyama. Mshika kamba ameachwa hivyo hivyo na kamba yake.

Mchuma Ndago

Picha bado.

Nahodha wa Ngalawa

Dada anasema kesho.

Sehemu ya mwisho. Jioni tulikuwa tumechoka, ila jamaa wa Mambrui akakataa kurudi bwenini bila kumsalimia Zheng He. Kaburi lake liko kusini nje ya mji, kwenye mlima Niushou, tukachanga tukakodi gari.

Kwa asiyemjua: kazaliwa Yunnan, kusini magharibi mwa China, mwaka 1371, familia ya Kiislamu, ukoo wa Ma. Jeshi la Ming lilipoiteka Yunnan akatekwa akiwa mtoto wa miaka kama kumi, akahasiwa, akapewa mtoto wa mfalme amtumikie. Huyo mtoto wa mfalme ndiye alikuja kuwa Yongle. Towashi akawa jemadari, akaongoza safari saba kati ya 1405 na 1433. Safari ya kwanza ilikuwa na watu zaidi ya 27,000. Ile ya tano, 1417 mpaka 1419, ndiyo iliyowarudisha wajumbe wa nchi mbalimbali makwao na kufika pwani yetu: Mogadishu, Barawa, Malindi.

Tulifika jua limeinama. Pametulia, miti, hakuna foleni, hakuna mabinti wa picha. Unapanda ngazi 28, zimegawanywa mafungu manne ya ngazi saba saba kwa ajili ya safari saba. Juu kuna kaburi la mawe, na kileleni limeandikwa kwa Kiarabu Allahu Akbar. Lilijengwa upya 1985. Wengi wanaamini ndani hamna mtu, kwamba alifia safarini mwaka 1433 na mwili ukazikwa ugenini au baharini.

Jamaa akasimama, akainua mikono, akaanza kusoma Fatiha. Dada wa Buyenzi akajitanda vizuri, akamfuata. Mimi na Shemeji tukakaa kimya kwenye ngazi. Alipomaliza nikamchokoza: mbona unaombea kaburi tupu?

Akanijibu, "Kwani baharini haifiki?"

Tukashuka. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeongea sana, isipokuwa dada akiuliza kama kuna mtu ana plasta ya kisigino.

Mwanapwani wa Zamani

Ahsante kwa uzi, kijana. Niongeze kidogo. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa China na Kenya waliochimba Mambrui walipata sarafu ya Yongle, na 2013 ikapatikana nyingine kisiwani Manda. Halafu kuna watu wa Siyu, kisiwa cha Pate, wanaosimulia kwamba mabaharia wa Kichina walivunjikiwa chombo hapo wakaoa na kubaki. Mwaka 2005 binti mmoja wa Siyu alipewa nafasi ya kusomea tiba ya Kichina, na chuo chenyewe kilikuwa huko huko Nanjing.

Jicho la Kusi

Kwa hiyo Wachina walifika Malindi kabla ya Vasco da Gama? Na zile bakuli za Kunduchi ndizo walileta wao?

Nahodha wa Ngalawa

La kwanza ndiyo. Da Gama kafika Malindi Aprili 1498, zaidi ya miaka 70 baadaye. La pili hapana, tusichanganye. Vyombo vya Kichina vilikuja pwani karne nyingi, kabla ya Zheng He na baada yake, kwa mikono ya wafanyabiashara wa Kiarabu, Kihindi na Waswahili wenyewe. Bakuli kuwepo kaburini si ushahidi kwamba Mchina alifika kaburini. Hata mimi kwetu kuna sufuria la Mchina na hatujawahi kumkaribisha mmoja.

Pweza Mkavu

Na kwa nini waliacha kuja?

Nahodha wa Ngalawa

Gharama, kwa kifupi. Makao makuu yalihamia Beijing, Wamongolia wanasumbua kaskazini, na maofisa wasomi waliona merikebu ni mradi wa matowashi wa kula hazina. Yongle alipokufa 1424 msukumo ulipungua, ikabaki safari moja tu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda peke yangu kwenye bustani iliyopo pale palipokuwa uwanja wa kuundia merikebu za Zheng He, kando ya mto. Yamebaki madimbwi marefu yaliyonyooka, ndiyo yalikuwa mahali pa kuundia. Mwaka 1957 walifukua hapo mti wa usukani wenye urefu wa mita 11. Usukani tu, mita 11. Nimelelewa na babu aliyechonga ngalawa, nikasimama pale najaribu kufikiria chombo chenyewe nikashindwa. Vitabu vyao vya zamani vinataja merikebu ndefu kupita kiasi, wataalamu bado wanabishana kama mbao zinaweza kuhimili urefu huo. Babu angebishana nao vizuri sana.

Mchuma Ndago

PICHA.

Nahodha wa Ngalawa

Dada amenitumia 46. Yupo kwenye zote. Kwenye mbili qilin anaonekana sikio. Napandisha usiku bando likiruhusu.

Kuna ombi moja kabla sijalala. Nilimwambia Shemeji kuhusu vile vishimo vya Kunduchi, hakuniamini. Anasema bakuli za kwao hazikutengenezwa kubandikwa ukutani. Aliye karibu aende akapige picha nguzo yenye vishimo, moja tu.

Jicho la Kusi

Mimi naishi Mtongani, ni hapo tu. Jumamosi nitapita.

Nahodha wa Ngalawa

Ubarikiwe mkuu. Beba na futi, anataka kujua kishimo kina upana gani.

Jicho la Kusi

Sawa. Ila mlinzi akiniuliza napima nini kwenye kaburi la watu, nampa namba yako.